Kona ya Boma la Momose

Mwaka ule Shigeno hakutulia tangu theluji ilipoanza kuyeyuka. Akiketi kunywa chai, alinyanyuka kabla kikombe hakijapoa ili akafunge dirisha ambalo lilikuwa limekwisha kufungwa. Alifua mapazia mara mbili katika mwezi mmoja. Aliyabandua makaratasi ya milango yote ya kuteleza na kubandika mapya, kazi ambayo watu wa Kuzuhara huifanya Desemba, hata jirani mmoja aliyekuwa akipita barabarani akamwuliza kama anatarajia harusi. Shigeno alijibu kwamba mwanamke wa miaka sabini na mitano akikaa bila kazi huota ukungu. Jirani alicheka. Shigeno hakucheka, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamekwisha kupanda mlimani, kwenye kona ya kaskazini ya boma, kama yalivyofanya kila asubuhi tangu Novemba.

Boma lenyewe si kitu cha kumsimamisha mpita njia. Halina ukuta wa mawe wala mnara. Ni kilima nyuma ya nyumba ya Momose, kilichokatwa kichwa kikawa bapa, kikazungushiwa tuta la udongo lenye kimo cha mtu na nusu, na nje ya tuta pana handaki lililojaa majani makavu. Upande wa kusini kuna pengo palipokuwa na lango. Watu mia wakisimama ndani watakanyagana. Lakini bonde zima la Kuzuhara lilijua kwamba miaka mia nne na arobaini iliyopita Momose Kageyu alijifungia humo na wapiganaji arobaini, huku jeshi la bwana wa kaskazini limejaa mashambani kama nzige. Kwa siku kumi na moja alikataa kufungua lango, na siku ya kumi na mbili akafia kwenye kona ya kaskazini, upanga mkononi. Watoto walikuwa na msemo wao uwanjani. Mwenzao akikataa kugawa peremende, walimwambia, "Huyo ni Momose, hafungui lango."

Shigeno hakuzaliwa katika nyumba hiyo. Alikuwa binti wa karani wa posta, mtu wa mjini, na alikwenda chuo cha ualimu wakati ambapo wasichana wa mtaa wake waliishia kwenye kiwanda cha saa. Huko chuoni profesa mmoja mkali alimfundisha kusoma mwandiko wa zamani wa brashi, ambao herufi zake zimelaliana kama nyasi zilizopigwa na mvua, na ambao siku hizi watu wengi hawawezi kuusoma hata ukiwa wosia wa babu yao. Alimaliza wa kwanza katika darasa lake. Hilo alilitaja mara chache, lakini alilitaja.

Alipoolewa na Momose Katsuhiko, mwalimu wa hesabu aliyekuwa mpole kupita kiasi, alikuwa na miaka ishirini na minne. Baba mkwe wake, Mzee Yasaburo, hakumsemesha kwa majuma matatu. Kisha asubuhi moja, tarehe kumi na nane Aprili, alisimama mlangoni na jembe na kikapu cha mgongoni.

"Wewe msomi, njoo."

Walipanda pamoja, Katsuhiko nyuma yao. Nusu ya njia mzee aligeuka.

"Vua kitambaa kichwani."

"Kuna baridi, Baba."

"Baridi haijaanza leo. Vua. Na jembe ukipewa kulibeba, makali yatazame nyuma."

Kwenye kona ya kaskazini mzee mwenyewe alivua kofia, akapiga jembe mara tatu kwenye tuta, si zaidi, akautia udongo ule kikapuni. Mahali hapo tuta lilikuwa limeliwa sana, kama jino lililovunjika.

"Sasa tunashuka," alisema. "Hakuna neno mpaka udongo uingie shambani. Kupiga chafya ruhusa."

Waliumwaga katika shamba la mpunga la chini kabisa, kisha wakaketi ukingoni kula mabonge ya wali wa kunata yaliyovikwa maharage mekundu matamu. Hapo ndipo Shigeno aliporuhusiwa kuuliza, naye aliuliza kama mtu wa chuo.

"Babu Kageyu alifia pale," mzee alimjibu. "Udongo ule una damu yake. Tunamleta nyumbani kidogokidogo."

"Na kuvua kofia?"

"Wewe utavaa kofia mbele ya mtu aliyekufa kwa ajili yako?"

"Na jembe kutazama nyuma?"

Mzee alitafuna muda mrefu. "Jembe ndivyo lilivyo," alisema.

Shigeno alilipenda jibu hilo. Alikuwa ametoka katika nyumba ambamo kila kitu kilikuwa na sababu na hakuna kilichokuwa na umri. Siku hiyo aliamua kwamba yeye ni Momose, na alipokwisha kuamua hakuna aliyekuwa Momose kumzidi.

Alifundisha lugha katika shule ya bonde kwa miaka thelathini na mmoja. Aliandika kijitabu cha kurasa kumi na mbili, *Boma Letu*, chenye mchoro wa Kageyu kwenye kona yake, na kila mtoto aliyemaliza darasa la sita alitoka na nakala. Mzee Yasaburo alipofariki, jembe lilishikwa na Katsuhiko. Mtu wa hesabu yule alipiga hesabu akiwa anashuka, akaitoa walipofika shambani: majembe elfu moja na mia mbili na zaidi tangu siku ya Kageyu. Naye alipofariki, miaka tisa iliyopita, binamu wawili walinong'ona kwamba jembe lisishikwe na mke aliyetoka mjini. Shigeno aliwaalika chai, akawatilia mbele majani ya nozawana yaliyochachushwa kwa chumvi, akasubiri midomo yao ijae, ndipo akasema, "Mwenye jembe ni mwenye nyumba. Tutazame basi, hapa mwenye nyumba ni nani." Binti yake wa pekee alikuwa Yokohama, akipiga simu Jumapili. Binamu walimeza, wakaaga.

Jambo moja tu lilikuwa mwiba. Mzee Hyuga, muuza sake, ile pombe ya mchele, wa kitongoji cha chini, alipenda kuuliza mbele ya watu, "Mwalimu, watu arobaini walikufa kule juu. Makaburi yako wapi?" Katika mkutano mmoja wa bonde Shigeno alimjibu kwamba mashujaa hawahitaji mawe, na ukumbi ulimpigia makofi. Lakini aliporudi nyumbani alishindwa kuketi. Alisugua sufuria safi mpaka vidole vikamwuma.

Kisha Oktoba ilikuja barua ya ofisi ya elimu ya mji: mwezi wa nne boma litapimwa, na mwezi wa sita litawekewa ubao wa maelezo. Shigeno aliisoma akiwa amesimama penye kamba ya nguo. Alitazama juu, na kwa mara ya kwanza aliiona ile kona kama atakavyoiona mgeni: tuta lenye jino bovu. Watasema nyumba ya Momose ilishindwa hata kulitunza tuta lake.

Alimwita Teruo, mdogo wa marehemu mumewe, mkulima wa uyoga, mtu wa mizaha mwenye pengo mbele kinywani na pikapu ndogo nyeupe.

"Shemeji, hiyo kona imekuwa hivyo tangu nizaliwe," alisema Teruo.

"Na wewe pengo lako je? Ungeletewa jino usingelitia?"

"Ningelitia. Lakini pengo langu lina historia."

"Lete gari."

Walisomba udongo wa ukingo wa shamba la zamani la Teruo safari kumi na tisa. Teruo alishindilia, Shigeno akabandika nyasi kipande kwa kipande kama anayeshona blanketi. Mwisho wa Novemba kona ilisimama imara na sawa, na alipoitazama kutoka uani ilimjaza fahari. Ilipokuja theluji aliendelea kuitazama. Ilipoyeyuka aliitazama tena, na hapo ndipo mikono yake ilipoanza kukosa pa kukaa.

Tarehe kumi na nane Aprili alipanda na jembe, kichwa wazi. Alisimama mbele ya kona yake mpya. Kuipiga jembe kulionekana upuuzi, kama kukata nguo iliyoshonwa jana. Akaweka maua, akashuka. Njia nzima hakusema neno, japo hakuwa na udongo mgongoni.

Siku kumi baadaye alikuja mpimaji, Tobe Nagisa, msichana wa miaka ishirini na minane mwenye viatu vizito na daftari lisilolowa. Mama yake alikuwa mwanafunzi wa Shigeno. Alipima lango, akapima handaki, akaimba kidogo peke yake. Alipofika kona ya kaskazini aliacha kuimba.

"Mwalimu, hii kona mpya?"

"Mvua iliila. Tumeitengeneza."

Nagisa alichomeka fimbo ya chuma, ikaingia bila kukinzwa, kama kwenye tofu. "Ni vizuri mmeitunza," alisema kwa adabu, na Shigeno akasikia kwamba adabu ile ilikuwa imefunika kitu. "Ila ningependa kuiona ilivyokuwa. Maboma mengine ya milimani yana kona iliyobomolewa. Moja tu, hivihivi."

"Iliyobomolewa na nani?"

"Sijui bado. Ndiyo maana napima." Akaandika neno moja, akalipigia mstari.

Jumatatu ya katikati ya Mei alirudi. Alivua viatu, akaketi, akala nozawana kama mtu aliyekulia humo, kisha akatoa picha kubwa ya karatasi ya zamani.

"Hekalu la bonde la pili wanatengeneza paa. Ndani ya dari kulikuwa na sanduku, na ndani ya sanduku hii. Mimi naona 'Momose', naona 'kona', basi. Mengine ni minyoo."

"Mtaalamu wenu?"

"Atakuja vuli. Maneno ya ubao yanakwenda kwa mchapaji Ijumaa. Mkubwa wangu amesema, Mwalimu akiisoma, tutafuata karatasi. Asipoisoma, tutafuata kijitabu chake. Mama bado anacho, unajua? Kiko kwenye droo ya vitu vya thamani, pamoja na kitovu changu kilichokaushwa nilipozaliwa."

Shigeno aliichukua picha kwa mikono miwili. Alisema ataitazama. Alimsindikiza mgeni hadi barabarani, akarudi, akaosha vikombe, akavikausha, akavipanga upya kwa ukubwa. Ndipo akavaa miwani.

Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu aliyetulia. Mstari wa kwanza ulifunguka kwa urahisi, na kwa muda mfupi alikuwa tena mwanafunzi wa kwanza darasani, akifurahia ujuzi wake. Alipofika mstari wa tatu aliacha kufurahia.

*Mimi Momose Kageyu, siku ya kumi na nane ya mwezi wa nne, nimefungua lango, na kichwa wazi nimeibomoa kona ya kaskazini kwa jembe langu mwenyewe mbele ya wajumbe. Watu sitini na wawili waliokuwa ndani, wazee na wachanga pamoja, wameshuka salama. Kila mwaka siku hii nyumba yangu itaondoa majembe matatu ya udongo katika kona hiyo, boma lisipate kuwa zima tena. Ikiacha hata mwaka mmoja, isihesabiwe tena kuwa nyumba.*

Chini yake palikuwa na majina ya familia zilizookolewa, mstari baada ya mstari. Tobe walikuwamo. Hyuga walikuwamo, watu saba.

Shigeno alinyanyuka. Alikwenda jikoni, akasahau alichofuata, akarudi. Alikwenda kwenye kabati la kuwakumbukia marehemu, akawasha ubani mbele ya picha ya Katsuhiko, akauzima kwa kupunga mkono, akauwasha tena. Kichwa wazi. Makali nyuma, kama ajaye mbele ya mshindi na chombo kisichomtishia. Kimya hadi chini. Yote hayo ameyafanya miaka hamsini kwa mkono wake, na hakuna hata siku moja alipoyasoma, yeye anayejua kusoma.

Hakulia. Alichukua karatasi safi, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kufundishia: *Stakabadhi ya mbao za kona ya paa la hekalu, zilizotolewa na nyumba ya Momose.* Ilikuwa sentensi moja tu. Ilikuwa na 'Momose' na ilikuwa na 'kona'. Nagisa angeiamini, na vuli ilikuwa mbali, na wataalamu ni watu wenye kazi nyingi. Aliiweka mezani, akaiwekea birika juu ili isipeperuke. Kisha akatoka akang'oa magugu ambayo hayakuwapo.

Teruo alimkuta hapo siku ya pili, Jumanne asubuhi.

"Shemeji, unang'oa karoti."

Alimwingiza ndani, akamsomea karatasi ya Kageyu mwanzo hadi mwisho. Teruo alisikiliza mdomo wazi, kisha akaona ile nyingine chini ya birika, akaivuta, akaisoma.

"Hii ni nzuri," alisema. "Peleka hii."

"Ni ya uongo."

"Ni fupi, na haina ubaya kwa mtu. Shemeji, tazama." Alijivuta mdomo kwa kidole, akaonyesha pengo. "Darasa la nne. Yule Hyuga mdogo alisema babu yetu alikimbia. Mimi nikampiga, yeye akanipiga na mfuniko wa sanduku la chakula. Jino nimelizika kwenye handaki, pamoja na mashujaa. Miaka sitini nimetafuna kwa upande mmoja kwa ajili ya mzee yule. Sasa leo uniambie alifungua mlango?"

"Alifungua."

"Na sake kwa Hyuga nitanunua kwa uso gani?"

"Jina lao limo humu. Watu saba. Kama asingefungua, leo ungenunua wapi hiyo sake?"

Teruo aliirudisha ile karatasi ya uongo chini ya birika. Lakini si hilo lililokuwa likimkosesha Shigeno usingizi na utulivu, na alijua lazima aliseme, maana kulificha ndiko kulikokuwa kukimzungusha ndani ya nyumba kama nyuki kwenye kibuyu.

"Teruo, hata kama kufungua lango ni aibu, aibu hiyo ni ya Kageyu, na aliibeba mwenyewe. Jina la nyumba hakuliweka kwenye lango. Kaliweka hapa." Alipitisha kidole kwenye mstari wa mwisho. "Nyumba ikiacha mwaka mmoja. Mzee Yasaburo alikwenda na homa. Wakati wa vita walipanda wanawake, wanaume wote wakiwa mbali. Hakuna aliyeacha, tena bila kujua sababu. Nikaja mimi, msomi, nikaliziba pengo lao kwa gari kumi na tisa, nikaweka maua."

"Gari ni langu," alisema Teruo taratibu. "Basi tuko wawili."

Shigeno alisimama tena, akaenda ukutani kusudi asimtazame usoni. Ukutani palikuwa na kalenda ya chama cha ushirika cha wakulima, ile ambayo chini ya kila tarehe huandikwa kwa herufi ndogo tarehe ya kalenda ya zamani, ya mwezi wa mbinguni. Watu wazima huitazama wakitaka kupanda maharage. Shigeno aliitazama kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mbele yake. Kisha akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Tarehe ya Kageyu ni ya kalenda ya zamani," alisema.

"Kila kitu chake ni cha zamani."

"Nyamaza kidogo. Serikali ilipobadili kalenda, wazee wetu waliishika namba, wakaiacha siku. Kumi na nane ya mwezi wa nne, kwa hesabu yake yeye, si Aprili." Aliweka kidole kwenye mraba wa Jumatano. "Ni kesho."

Teruo alikuja akasoma herufi zile ndogo, akiwa ameikunja shingo.

"Kwa hiyo tumekuwa tukipanda siku isiyo yenyewe tangu enzi za babu wa Baba?"

"Tulipanda kila mwaka, naye alisema kila mwaka. Mwaka huu bado haujapita."

"Kesho uipige jembe tatu, basi, tumalize."

"Jembe tatu za udongo wa nani? Ule ni udongo wa shamba lako. Lazima tuufikie wa kwake."

Teruo aliihesabu kazi ile kwa macho, akiwa bado amesimama mbele ya kalenda. Mgongo wake ulikuwa na miaka sabini. "Nilipoushindilia," alisema, "niliushindilia vizuri mno. Nilijua nitajuta." Akaenda kuleta gari.

Walichimba Jumanne kutwa. Nyasi alizozibandika Shigeno zilikuwa zimeshika mizizi na kumkatalia, na alizing'oa kwa hasira ya mtu anayefumua ushonaji wake mwenyewe. Hadi jioni gari lilikuwa limeshuka mara kumi na mbili. Jumatano walianza alfajiri. Mzee Hyuga alipita barabarani na baiskeli yake, akasimama, akapaza sauti kutoka chini, "Mwalimu, mnatafuta makaburi?"

"Hayapo," Shigeno alimjibu kutoka juu. "Wewe ulisema kweli. Njoo Jumapili nikusomee sababu, na uje na jirani zako."

Mzee Hyuga aliipiga kengele ya baiskeli pasipo na mtu wa kumpisha. Kisha akapanda, akaondoka polepole akigeuka nyuma.

Kabla ya saa nane mchana jembe la Shigeno lilibadili sauti. Chini ya udongo mweusi wa shamba ulitokea mwingine, mwekundu, mgumu, wenye uso uliokatwakatwa na makali ya majembe ya watu aliowajua na asiowajua. Alama ya juu kabisa ilikuwa yake mwenyewe, ya mwaka uliopita. Iliyolala pembeni kidogo, ya kina zaidi, aliitambua pia: Katsuhiko alikuwa akipinda mkono wa kushoto.

Shigeno alivua kofia ya jua. Nywele zake zilikuwa zimeshikana kwa jasho, naye hakuzitengeneza. Alipiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Teruo alimfunga kikapu mgongoni, akamkabidhi jembe, makali nyuma, wakashuka.

Chini penye lango la ua alikuwa amesimama Nagisa na daftari lake. Alikuwa amekuja kabla ya wakati. Mchapaji alikuwa amebadili siku.

"Mwalimu, samahani, wanayataka maneno leo. Umeisoma? Inasemaje?"

Shigeno alimpita.

"Mwalimu?" Nagisa aliwafuata, akamgeukia Teruo. "Amekasirika?"

Teruo aliweka kidole mdomoni, akaonyesha kikapu, akaonyesha shamba, akaonyesha kinywa chake na kutikisa kichwa, mpaka Nagisa akadhani amepata ugonjwa wa jino. Hivyo wote watatu walishuka wakifuatana kwenye kingo za mpunga, wazee wawili vichwa wazi na msichana wa ofisi akitembea kwa kunyata bila kujua kwa nini. Njiani Teruo alipiga chafya.

Shamba la chini lilikuwa limejazwa maji tayari kwa kupandikiza. Udongo mwekundu uliingia kwa sauti ndogo, maji yakachafuka, kisha yakaanza kutulia. Shigeno aliutua mkongojo wake wa siku ile, yaani jembe, akaketi ukingoni. Mabonge ya wali yalikuwa ndani ya kitambaa. Alimpa Nagisa moja.

"Andika," alisema.

Nagisa aliandika akiwa amesimama, maharage matamu kwenye kidole gumba. Shigeno alimsomea yote kwa kichwa: lango, kona, watu sitini na wawili, majembe matatu, nyumba isiyohesabiwa. Alipofika kwenye majina, alianza na Tobe, na msichana akalipigia jina hilo mstari.

"Na kijitabu, Mwalimu?" aliuliza mwishowe.

"Mwambie mama yako akitoe kwenye droo ya vitu vya thamani. Kitovu akiache." Aliufuta mkono wake, akaomba daftari, akatoa kalamu nyekundu mfukoni mwa vazi la kazi, kwa kuwa mwalimu wa miaka thelathini na mmoja hatoki bila hiyo. Alirekebisha nukta moja. Akakata neno "alishindwa", alilolitia Nagisa mwenyewe, na juu yake akaandika "alifungua". Teruo alichungulia begani kwake.

"Uandike na mimi nilileta gari."

"Mara zote mbili?"

"Ya pili inatosha."

Shigeno alifikiri, akiwa bado ameshika kalamu. Magoti yalikuwa yakimwuma. Jumapili, binti yake akipiga simu kutoka Yokohama, yeye Shigeno hatamwuliza habari za hali ya hewa. Atamwambia tarehe, ya mwaka ujao na ya mwaka unaofuata, kwa kalenda zote mbili, na atamtaka azirudie. Kisha aliinamia daftari, na chini ya maneno yote ya ubao akaongeza mstari mmoja kwa mkono wake, herufi moja moja, wazi, zisije zikamsumbua mtu yeyote kuzisoma:

*Kona hii isitengenezwe.*